Lugha iliyolala ndani ya kompyuta: Lubumbashi na somo la kwanza la kuandika programu

Mwanafunzi wa informatiki katika jiji la Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hukutana mapema na tatizo ambalo vitabu vyake havilitaji: anafundishwa algorithimu, yaani hatua za kutatua jambo zilizopangwa kwa mfuatano, lakini mara nyingi analazimika kuzifanyia mazoezi kwenye karatasi, kwa sababu kompyuta hazitoshi, umeme hukatika kazi ikiwa katikati, na programu anazoelekezwa kuzipakua zina uzito wa mamia ya megabaiti ilhali yeye hununua intaneti kwa vifurushi vidogo vya simu.

Wakati huohuo, kila kompyuta yenye Windows 7, toleo lililotoka mwaka 2009, au yenye matoleo yaliyolifuata, imebeba ndani yake lugha kamili ya kuandikia programu iitwayo PowerShell, na karibu kila kompyuta yenye Linux imebeba lugha nyingine ya aina hiyo iitwayo Bash. Lugha hizi hazihitaji kupakuliwa, hazidai malipo ya ziada, na hufanya kazi hata pale ambapo mtandao haupo kabisa.

Swali linalowagawa walimu, mafundi na wanafunzi ni iwapo lugha ya namna hii, iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya wasimamizi wa kompyuta, inafaa kuwa mlango wa kumwingiza mtu katika sanaa ya kuandika programu, au itamfundisha njia za mkato zitakazomponza baadaye.

Maana ya lugha ya skripti

Mfumo endeshi ni programu mama inayosimamia kompyuta nzima: ndio unaogawa kumbukumbu, unaotunza mafaili na unaoruhusu programu nyingine kufanya kazi. Mtumiaji wa kawaida huuamuru kwa kubofya picha na vitufe, lakini mfumo huohuo hupokea pia amri zilizoandikwa kwa maneno katika dirisha maalumu, na mtu akizikusanya amri hizo katika faili la maandishi ili zitekelezwe kwa mpangilio, faili hilo huitwa skripti.

Lugha kama C hutaka maandishi ya mwandishi yageuzwe kwanza yote kuwa maelekezo ya mashine kwa kutumia programu ya pekee, ndipo kazi ianze. Lugha ya skripti haina hatua hiyo inayoonekana, kwani mwandishi huandika mstari, hubonyeza kitufe cha kuingiza na hupata jibu papo hapo, jambo linalomwezesha anayeanza kuliona kosa lake mara tu anapolifanya.

Kutoka Bell Labs hadi Windows

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1979 mfumo wa Unix ulitoka na lugha ya amri iliyoandikwa na Stephen Bourne wa maabara za Bell nchini Marekani, na miaka kumi baadaye, mwaka 1989, Brian Fox aliandika Bash kwa ajili ya mradi wa programu huria wa GNU. Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka 1991, Bash ilipata makao ambamo imedumu hadi leo.

Upande wa kompyuta za mezani, IBM PC ya mwaka 1981 ilikuwa na lugha ya BASIC ndani ya kumbukumbu yake ya kudumu, na MS-DOS 5 ya mwaka 1991 ilikuja na QBasic, hata mtu aliyenunua mashine siku hizo alikuwa amenunua pia, bila kukusudia, chombo cha kujifunzia. Windows ilipoenea na picha zake, chombo hicho kilisukumwa nyuma ya pazia, na kizazi kizima kikazoea kuiona kompyuta kama kifaa cha kutumia programu za watu wengine.

Microsoft ilirudisha wazo hilo kwa hatua. Lugha yake ya skripti, VBScript, ilitokea mwaka 1996, kisha mwaka 2002 mhandisi Jeffrey Snover aliandika waraka wa mapendekezo ya kuunda lugha mpya ya amri, nao ukazaa PowerShell, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2006. Mwaka 2016 kampuni hiyo iliifanya PowerShell kuwa programu huria na kuiwezesha kufanya kazi kwenye Linux na kwenye kompyuta za Apple, hivyo ujuzi wake haumfungi tena mtu kwenye Windows peke yake.

> Mtu aliyenunua kompyuta miaka ya 1980 alikuwa amenunua pia, bila kukusudia, chombo cha kujifunzia kuandika programu.

Mazingira ya Lubumbashi

Lubumbashi, iliyoanzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, ni jiji lililozaliwa na shaba, na mahitaji yake ya wataalamu wa kompyuta yanafuata uchumi huo: kampuni za migodi, benki, wasafirishaji na mawakala wa forodha wanaohudumia magari ya mizigo yanayopita mpakani Kasumbalesa kuelekea Zambia. Kazi nyingi za ofisi hizo ni za mafaili, yaani orodha za mizigo, ankara, majedwali ya mishahara na nakala za hati, na ndizo hasa kazi ambazo lugha ya skripti ilibuniwa kuzirahisisha.

Jiji halikosi shule. Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kijulikanacho kama UNILU, kilifungua milango yake mwaka 1956 na baada ya miaka kumi ya kuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire kikapata tena uhuru wake mwaka 1981. Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika mwaka 1911 na kujijengea jina katika elimu ya ufundi, wanahusishwa na Shule ya Juu ya Informatiki Salama, ESIS, ambayo ni miongoni mwa shule za kompyuta zinazofahamika zaidi mkoani.

Lililo gumu ni mazingira ya kazi. Njia ya umeme kutoka Inga hadi Kolwezi, yenye urefu wa takriban kilometa 1,700, ilianza kazi mwaka 1982 ili kuipelekea migodi ya Katanga, eneo lenye jiji hili, nguvu ya mto Kongo, lakini mitaa ya Katuba, Kenya au Ruashi inalijua vizuri neno delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu. Mwanafunzi anayetegemea kompyuta ya mezani hupoteza kazi yake umeme unapozimika, na mwenye kompyuta mpakato huhesabu saa za betri.

Serikali ya Kongo ilitangaza mpango wa taifa wa dijitali mwaka 2019, na tarehe 13 Machi 2023 ikatia saini sheria ya dijitali inayogusa biashara ya mtandaoni, data za watu na usalama wa mifumo. Sheria huweka mipaka ya mchezo, lakini wachezaji hupatikana kwa mazoezi, na mazoezi huhitaji chombo kilichopo.

Mistari saba inayofundisha mengi

Wanaoiunga mkono lugha iliyomo ndani ya mfumo endeshi husema kwamba thamani yake huonekana katika kazi ndogo. Mfano mmoja watosha: msaidizi wa mwalimu ana jedwali la wanafunzi lililohifadhiwa kutoka Excel, na anataka kila mwanafunzi awe na folda yake ya kazi iliyopewa namba yake ya usajili. Kwa mkono, kazi hiyo humla nusu siku ikiwa darasa ni kubwa. Kwa PowerShell huandikwa hivi:

    $matokeo = Import-Csv .\matokeo.csv -Delimiter ';'
    foreach ($mwanafunzi in $matokeo) {
        $folda = ".\kazi\" + $mwanafunzi.namba
        if (-not (Test-Path $folda)) {
            New-Item -ItemType Directory -Path $folda
        }
    }

Ndani ya mistari hiyo mna karibu misingi yote ya mwaka wa kwanza. Maneno yanayotanguliwa na alama ya dola ni vigeu, yaani majina ambayo thamani huhifadhiwa ndani yake. Mstari wa pili ni kitanzi, kinachorudia kazi ileile kwa kila mwanafunzi. Na mstari wa nne ni sharti, linalouliza kama folda imekwisha kuwapo kabla ya kuiunda.

Sharti hilo lina faida ya pekee mahali ambapo umeme hauaminiki. Skripti ikikatizwa kwenye folda ya arobaini, mwandishi huianzisha upya bila hofu, kwa kuwa yaliyokwisha kufanyika yatarukwa na yaliyobaki yatakamilishwa. Kuandika programu inayoweza kurudiwa bila kuharibu kitu ni kanuni inayoheshimiwa hata katika vituo vikubwa vya data, na Lubumbashi huifundisha kwa lazima.

Alama ya nukta-mkato katika mstari wa kwanza nayo ina sababu yake. Kompyuta nyingi za Kongo zimepangwa kwa desturi za Kifaransa, ambazo hutumia mkato kutenga desimali, kwa hiyo Excel hulazimika kutenganisha safu za jedwali kwa nukta-mkato. Anayenakili mfano ulioandikwa Marekani bila kuongeza maelezo hayo atapata jedwali lenye safu moja tu, asijue kosa liko wapi.

Mtego mkubwa zaidi umo katika alama za mtihani, jedwali likiwa nazo. PowerShell husoma kila kilichomo katika jedwali hilo kama maandishi, na kwa maandishi 9 ni kubwa kuliko 10, maana herufi ya kwanza ndiyo inayolinganishwa kwanza. Mwanafunzi akijaribu kuyageuza maandishi 12,5 kuwa namba kwa kuandika `[double]'12,5'`, lugha hiyo, ambayo hapo hufuata desturi ya Kiingereza na kuuona mkato kama kitenga maelfu, humrudishia 125, hata aliyepata kumi na mbili na nusu juu ya ishirini akaonekana amepata mia moja ishirini na tano. Dawa yake ni `[double]::Parse('12,5')`, inayofuata mpangilio wa kompyuta husika, na mwanafunzi aliyepita hapo hahitaji tena hotuba ndefu kuhusu aina za data.

> Aliyepata 12,5 juu ya 20 anaonekana amepata 125: kosa moja la mkato linafundisha kuliko hotuba ndefu kuhusu aina za data.

Hoja za wanaopinga

Upande wa pili una hoja zenye uzito. Walimu wanaoshikilia utaratibu wa kitaaluma husema kwamba somo la kwanza linapaswa kumfundisha mtu kufikiri na si kuendesha mashine, na kwamba lugha kama C humlazimisha ajue kumbukumbu ya kompyuta inavyogawanywa, wakati Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina uandishi safi na vitabu tele. Kwa maoni yao, aliyeanza na skripti hujifunza kunakili amri, na siku tatizo lisilo na amri iliyo tayari linapomfika, hukwama.

Wanaongeza kuwa PowerShell ina tabia zake zisizofanana na za lugha nyingine. Ulinganisho wa ukubwa huandikwa `-gt` mahali ambapo karibu lugha zote hutumia alama ya hisabati, na kinachopita kutoka amri moja kwenda nyingine kupitia bomba, yaani alama ya mstari wima inayoziunganisha amri, ni vitu vyenye sifa zake na si maandishi matupu kama ilivyo katika Bash. Mwanafunzi anayehamia lugha nyingine atalazimika kuyaacha baadhi ya mazoea.

Ipo pia hoja ya soko. Anayetaka kutengeneza programu za simu au tovuti atahitaji lugha nyingine, na kumweka mwaka mzima kwenye skripti kungekuwa kumchelewesha. Nchini Kenya, mtaala wa kuandika programu ulioidhinishwa mwaka 2022 kwa shule za msingi na sekondari ulijengwa juu ya jukwaa la mtandaoni, njia ambayo ina mvuto wake kwa watoto lakini inadai kile ambacho mwanafunzi wa Lubumbashi anakikosa, yaani mtandao wa kudumu.

Linux na simu ya mkononi

Kundi la tatu linakubali kuanza na lugha ya mfumo, ila linataka mfumo huo uwe Linux. Hoja yao imepata nguvu tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo Microsoft ilisitisha utunzaji wa kawaida wa Windows 10, kwa sababu kompyuta nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11 na wenye nazo wanalazimika kuchagua kati ya kuzitumia bila kinga mpya, kulipia, kuzitupa au kuziwekea Linux. Aidha, tangu Novemba 2017 kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko zote duniani hutumia Linux, kama zinavyofanya seva nyingi za intaneti, kwa hiyo anayeijua Bash anajua lugha ya seva.

Wapo pia vijana wasio na kompyuta kabisa ila wana simu ya Android, na Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Programu ya bure iitwayo Termux humfungulia mwenye simu dirisha la amri lenye Bash, na ingawa kuandika mistari mirefu kwa kidole kwenye kioo kidogo kunachosha, mtu anaweza kujifunza vigeu, vitanzi na masharti akiwa safarini ndani ya basi.

Hatari isiyofichika

Chombo kinachoweza kuunda folda mia kwa dakika kinaweza pia kufuta mafaili elfu kwa dakika hiyohiyo. Tarehe 4 Mei 2000 kirusi kilichojulikana kwa jina la ILOVEYOU, kilichoandikwa kwa VBScript na kutumwa kama barua ya mapenzi, kilienea katika mamilioni ya kompyuta duniani kwa sababu watu walifungua skripti wasiyoijua. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript itaondolewa hatua kwa hatua katika Windows, na anayeanza leo hana sababu ya kuichagua.

PowerShell ilizingatia somo hilo. Kwenye kompyuta za kawaida za Windows, faili la skripti halikubali kutekelezwa mpaka mwenye kompyuta abadilishe ruhusa, na mpangilio unaoshauriwa kwa mwanafunzi ni `RemoteSigned` kwa akaunti yake peke yake, unaoruhusu skripti alizoziandika mwenyewe na kuzuia zilizotoka mtandaoni bila sahihi. Kizuizi hicho hukinga dhidi ya bahati mbaya, lakini hakimzuii mhalifu aliyekusudia, ndiyo maana kampuni nyingi hufunga dirisha la amri kwa wafanyakazi wasiolihitaji. Mwanafunzi hapaswi kamwe kujifunzia kwenye kompyuta ya ofisi bila idhini, na amri yoyote ya kufuta sharti aijaribu kwanza kwa kuiongezea `-WhatIf`, neno linaloifanya PowerShell ieleze ingefanya nini bila kukifanya.

Kiingereza cha amri, Kifaransa cha ujumbe, Kiswahili cha darasani

Amri za PowerShell zimeandikwa kwa Kiingereza, kompyuta yenye Windows ya Kifaransa hutoa ujumbe mwingi wa makosa kwa Kifaransa, na wanafunzi huelezana nje ya darasa kwa Kiswahili. Wingi huu wa lugha huonekana kuwa mzigo, lakini sehemu kubwa ya maneno ya skripti ni yale anayoyachagua mwandishi mwenyewe: `$mwanafunzi`, `$folda` na `$matokeo` hufanya kazi sawasawa na majina ya Kiingereza, na msomaji wa Lubumbashi huielewa skripti yenye majina hayo kwa haraka zaidi.

Kiswahili kimewahi kuingia katika kompyuta kwa juhudi za aina hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice kwa Kiswahili kwa jina la Jambo, na Microsoft nayo ikaitafsiri Windows katika muongo huohuo. Juhudi hizo zilitafsiri vitufe na menyu. Kilichobaki ni kuandika maelezo ya kufundishia programu yenyewe kwa Kiswahili kinachosomeka kutoka Katanga hadi pwani.

> Maneno mengi ya skripti huchaguliwa na mwandishi mwenyewe, na Kiswahili kinaruhusiwa.

Hukumu na wito

Ukipima hoja zote, lugha iliyomo ndani ya mfumo endeshi inastahili kuwa somo la kwanza Lubumbashi, kwa muda wa muhula mmoja na kwa sharti moja: ifundishwe kama uandishi wa programu, wenye vigeu, vitanzi, masharti, aina za data na majaribio, wala si kama orodha ya amri za kukariri. Baada ya hapo mwanafunzi ahamie Python, C au Java akiwa ameshaonja matunda ya kazi yake, na wale wanaohofia mazoea mabaya watambue kuwa karatasi peke yake haijawahi kumwonyesha mtu kwamba 12,5 imegeuka 125.

Shule zinaweza kuanza bila bajeti mpya. Kompyuta moja yenye mtandao inatosha kupakua kurasa za msaada za PowerShell kwa amri `Save-Help`, kisha msimamizi wa maabara akazihamishia katika kompyuta nyingine kwa flashi na `Update-Help`, na darasa zima likawa na kitabu cha rejea kisichohitaji intaneti. Kwa mashine zilizochoka, Linux ipo bure na Bash imo.

Msomaji mwenye kompyuta nyumbani naye asisubiri shule. Afungue PowerShell, aandike `Get-Command` aone amri zilizopo, aandike `Get-Help` na jina la amri mojawapo aone maelezo yake, kisha achague kazi moja ndogo inayomchosha kila wiki na kuigeuza kuwa skripti, akianza na nakala ya mafaili yake na kuyaacha mafaili yenyewe salama.